Nilivyosoma Habari kwa Vidole, Kasese na Bwera

Siku yangu ya kwanza kazini, mlinzi alinizuia mlangoni. Alisikia fimbo yangu nyeupe ikigonga sakafu akadhani nimekuja kuomba msaada.

"Dada, watu ya msaada inakuja Ijumaa," aliniambia kwa upole.

"Mimi ndiye mtangazaji mpya," nikamjibu.

Akacheka kwa furaha kabisa, akanishika kiwiko na kunipandisha ngazi mwenyewe huku akihesabu kwa sauti. "Kumi na saba, madam. Shika hiyo hesabu. Kesho hapana hitaji mimi."

Kweli, kesho yake sikumhitaji.

Kituo chetu kilikuwa redio ndogo ya FM katika Divisheni ya Nyamwamba, mjini Kasese, juu ya duka la mabati na misumari. Bosi wangu alikuwa Mhariri Mkuu, na sote tulimwita Mhariri tu, kama vile hilo ndilo jina alilopewa na mama yake. Alikuwa ameamua kuanzisha kipindi cha kila wiki cha habari za watu wasioona na wenye uoni hafifu, yaani wale wanaoona kidogo, labda mwanga au rangi. Aliwaomba wenzetu wa chama cha wasioona wamtafutie mtu. Wakanituma mimi, Biira, binti wa mkulima wa kahawa, ambaye surua ilimchukua macho akiwa bado anatambaa. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na hakuna shule iliyokuwa imenipokea.

"Utasomaje habari?" Mhariri aliniuliza.

"Kwa vidole."

"Hewani? Watu wanasikiliza?"

"Hewani."

"Na ukipoteza mstari?"

"Wewe ukipoteza mstari unafanya nini, Mhariri?"

Nikasikia kiti chake kikilia. Alikuwa ameegemea nyuma. "Ninakohoa," akasema. "Sawa. Na wewe utakohoa. Anza Alhamisi."

Wadogo zangu mliozaliwa na simu inayosoma kwa sauti, ngoja niwaeleze tulivyofanya kazi. Breli ni maandishi ya nukta zinazoinuka kwenye karatasi nene. Wakati huo sikuwa na mashine ya breli. Nilikuwa na kibao cha chuma chenye vijidirisha, na msumari mfupi wenye kichwa cha mbao. Unabana karatasi kwenye kibao, unatoboa nukta moja moja, na unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu unaitoboa karatasi kutoka mgongoni. Ukiigeuza, nukta zimesimama na unasoma kutoka kushoto kama watu wote. Habari ya dakika tano ilinichukua asubuhi nzima, na jioni kidole cha shahada kilikuwa kinawaka.

Kipindi cha kwanza kilipokwisha, fundi mitambo alitoka chumbani kwake ana wasiwasi. "Mhariri, studio iko na panya! Nimesikia inakwaruza muda wote."

Panya huyo alikuwa vidole vyangu vikipita juu ya karatasi, karibu mno na maikrofoni. Tangu siku hiyo niliweka karatasi mapajani, juu ya kitenge kilichokunjwa, nikasoma chini ya meza huku uso umeelekea mbele. Wageni walioingia studio waliniona sina kitu mezani, wakaenda mjini kusema yule dada anakariri habari zote kichwani. Sikuwasahihisha haraka.

Mhariri alikuwa na masharti mawili. La kwanza: "Mtu ana jina. Taja jina kwanza. Macho yake yaje baadaye, kama habari inayahitaji." La pili lilikuwa juu ya ukimya hewani. "Ukimya ukizidi pumzi tatu, msikilizaji anahamia redio nyingine. Sema chochote. Taja saa. Taja hali ya hewa."

"Kasese ni joto kila siku, Mhariri."

"Basi sema ni joto."

Mwezi wa kwanza, kila mgeni niliyemleta alitaka kulia kwenye maikrofoni, na mimi nilidhani hiyo ndiyo kazi. Mhariri aliniita. "Biira, wiki hii katika watu wako, nani amecheka?" Nikatoka kwenda kumtafuta huyo mtu, na kipindi kikabadilika. Tulitangaza siku ambayo daktari wa macho angefika, tukasema mgonjwa aje na nani na abebe nini. Tulitangaza shule yenye mwalimu wa breli. Lakini pia tulitangaza harusi, kwaya, mtu aliyesuka vikapu vizuri kuliko wenye macho, na mzee mmoja aliyesahau fimbo yake kanisani akarudi nyumbani kwa kumfuata mbuzi wake. Watu wanaoona nao wakaanza kutusikiliza. Mwenye duka la mabati alikuwa anaongeza sauti Alhamisi hadi sisi wenyewe tulijisikia kupitia sakafu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bwera, niwe mwakilishi wa kituo upande wa mpaka na Kongo. Ofisi yangu ilikuwa kona ya chumba cha chama cha wasioona, chini ya Mwenyekiti wa tawi, Mzee Kule. Yeye alikuwa na uoni hafifu. Jua likiwa kali aliona rangi, na alipenda kunisifia rangi za gauni zangu kwa makosa. Mzee Kule ndiye aliyenifundisha utetezi, kazi ya kusimamia haki ya mtu mpaka ipatikane. "Ukitangaza shida ukaiacha hapo, umewasikitisha watu bure," alisema. "Waambie wagonge mlango gani, siku gani, na wamuulize nani."

Bwera Kiswahili ni kingine. Lori zinatoka Mpondwe, kwenye kizuizi cha mpaka, watu wanavuka kutoka Kongo na vitenge na mafuta ya mawese, na maneno yanavuka nao. Hapo ndipo nilipokutana na Masika.

Masika alikuwa mama asiyeona, mwenye sauti nene, kicheko cha karibu, na Kiswahili cha Kongo ambacho watu ni "batu". Aliuza maharage na makayabu, yaani samaki wa chumvi, kwenye soko moja la kando ya barabara ambalo jina lake naliacha. Soko lilikuwa linajengwa upya huku biashara ikiendelea humo humo, na wachuuzi wa zamani wakaandikwa ili wapewe vibanda litakapofunguliwa rasmi. Siku orodha ilipobandikwa, wasioona wote watano walikuwa wameondolewa. Wakaambiwa wakauzie nje, kule lori zinakogeuza, kwenye vumbi na moshi.

Nikaenda na kinasa sauti kwa Msimamizi wa soko. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, watu wote walimwita Afande.

"Sikiliza, madam," akaniambia. "Hii soko iko na mitaro mirefu. Kipofu akianguka, nani atajibu? Mimi! Nimeondoa majina kwa usalama yao. Imeisha."

"Afande, mitaro haina vifuniko?"

"Vifuniko itakuja."

"Lini?"

"Imeisha, madam."

Nilirudi ofisini nimekasirika, nikamwambia Mzee Kule nitasoma maneno hayo hewani na kumwaibisha. Mzee akanituliza. "Ukimwaibisha atafunga mlango, na Masika atabaki kwenye vumbi. Mwalike. Aje aeleze usalama wake hewani, sokoni, akiwa na Masika."

Afande alikubali mara moja. Alipenda kusikika. Mhariri akatupa nusu saa ya matangazo ya moja kwa moja siku ya soko, na fundi mitambo akaja mwenyewe kutoka Kasese na nyaya zake.

Siku hiyo soko lilijaa. Nilisikia mashine ya kusaga mihogo, kuku waliofungwa miguu, wapagazi wakiomba njia. Nilimuuliza Masika kama namtambulisha vizuri nikimwita mtu asiyeona.

"Mama Biira, hata ukiniita kipofu, ile neno hainiumize," akajibu. "Mutaro ndiyo inaumizaka batu."

"Ndiyo hiyo nasema!" Afande akadakia. "Mutaro! Ndiyo maana nimewaondoa."

"Afande, batu ya macho banaanguka mule kila siku. Jana mupagazi mumoja na gunia yake. Mbona yeye haukumuondoa?"

Watu wakacheka. Afande akasema yeye atawaonyesha wasikilizaji mahali penye hatari, na akaanza kutembea huku ameshika maikrofoni. Mimi nilimfuata nimeshika bega la Masika. Afande alieleza upana wa njia, akaeleza kazi kubwa iliyofanyika, sauti yake ikazidi kupanda. Masika alikuwa anagonga chini kwa fimbo, taratibu. Ghafla akasimama.

"Afande, simama. Mutaro iko mbele yako."

"Mimi naona, mama. Sasa wasikilizaji, kama mnavyo—"

Nikasikia kiatu kikiteleza, na bega la Masika likachomoka mkononi mwangu. Alikuwa amerusha mkono kuelekea sauti ile na kudaka mkanda wa Afande. Mguu mmoja wa Afande, fundi mitambo alinieleza baadaye, ulikuwa umezama mtaroni mpaka gotini, mwili wote ukaning'inia kwenye mkono wa mama muuza makayabu.

Soko lote likanyamaza. Hata mashine ya mihogo naona mtu aliizima.

Pumzi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Midomo yangu ilikwisha kufunguka niseme ni joto. Nikaifunga. Nilijua kuwa kule Kasese, na vijijini Nyakiyumbu, na ng'ambo ya mpaka, watu wamesogeza masikio kwenye redio zao, na kwamba lolote nitakalosema litaharibu. Nilimwacha Afande mwenyewe avunje ukimya.

Na Afande, nampa heshima yake mpaka leo, akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa.

"Mama Masika," akasema, "niachie mkanda polepole, suruali itashuka hewani."

Soko likalipuka. Masika akamvuta juu, akampangusa tope kwa mkono kama anampangusa mtoto, akamuuliza, "Umeumia?"

"Hapana." Akavuta pumzi. "Wewe umejuaje mutaro iko hapo?"

"Nimeuza hapa toka unakuwa jeshini, Afande. Upepo ya mutaro iko baridi. Inapiga kwa muguu."

Afande akaisogeza maikrofoni mdomoni na kutumia sauti ya jeshi. "Wasikilizaji, majina tano inarudi kwa orodha. Vifuniko inawekwa kabla soko haijafunguliwa rasmi. Hiyo ni amri, na nimejiamuru mimi."

Niliporudi ofisini, simu ilikuwa inaita. Mhariri. Nilijua ataniuliza juu ya ukimya ule.

"Biira."

"Mhariri."

"Ulihesabu pumzi ngapi?"

"Kama saba."

"Mimi nilihesabu tisa," akasema, "na sikuhama." Kisha akakata simu. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi, hiyo ndiyo sifa kubwa aliyonipa.

Vifuniko vya zege vilikuja. Mzee Kule akaomba njia kuu iwekwe mstari wa saruji yenye mikwaruzo ambao fimbo inaufuata, nao ukawekwa. Siku ya kufungua soko rasmi, Masika na wenzake wanne waliingia wakiimba, wapagazi wakiwabebea magunia bila kuombwa, na Afande alitembea mbele akitazama chini kila hatua. Msikilizaji mmoja kutoka Kongo alitupigia simu kulalamika: "Na sisi huku tuko na mitaro! Mutuletee ule mama!"

Si kila kitu nilikifanya vizuri. Kulikuwa na bibi arusi mmoja wa Nyakiyumbu ambaye macho yalianza kufifia, akawaficha wakwe zake. Alinieleza, nikatangaza sauti yake bila jina, nikidhani nimemlinda. Kijiji kizima kiliitambua sauti kabla hajamaliza sentensi. Mwaka mzima hakunisemesha. Mimi niliyeishi kwa sauti za watu nilisahau kuwa sauti ni uso. Tangu hapo sikuweka sauti ya mtu hewani kabla hajaisikiliza mwenyewe na kuniambia sawa. Baadaye alinisamehe, na wakwe zake ndio waliompeleka hospitali, lakini hilo halinipi haki.

Miaka ya mwisho nilirudi Kasese kuwa msimamizi wa kipindi. Simu zilianza kusoma zenyewe, vijana wakaandika haraka kuliko nilivyoweza kufikiri, na habari ikatoka Bwera kwa WhatsApp kabla sijafika kwenye kiti. Sikuona wivu. Nilicheka peke yangu nikikumbuka kidole changu kilivyokuwa kinawaka.

Nilipostaafu walinikatia keki na kunisomea hotuba ndefu, na nikarudi kuishi Bwera, jirani na dada yangu. Vijana huniuliza kama naikosa kazi. Nawaambia ninachokikosa ni ile dakika kabla taa ya hewani haijawaka, ambayo mimi sikuiona bali niliijua kwa jinsi chumba kizima kilivyokuwa kinashika pumzi. Mengine yote ninayo. Nilipitisha miaka mingi nikizungumza na watu ambao waliambiwa wakae ndani, na nikawasikia wakitoka mmoja mmoja.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nachambua mchele, redio ikiwa dirishani. Mtangazaji mpya, msichana mwenye uoni hafifu, alifungua simu kwa wasikilizaji. Nikakumbuka bomba jipya la maji karibu na kwetu, lililojengewa ngazi bila kishikio, na jinsi mimi na wazee wenzangu tunavyozishuka kwa makalio. Nikapiga. Ilipokelewa.

"Naitwa Biira, niko Bwera," nikaanza, "na kabla sijaeleza habari ya bomba, ningependa kwanza kuwakumbusha wasikilizaji kwamba zamani sisi—"

"Mama," msichana akanikata, kwa adabu lakini bila huruma, "watu wengi wako kwenye laini. Sema shida, sema mlango gani tugonge."

Dada yangu anasema nilitabasamu hadi masikioni. Nikasema shida, nikasema mlango.

Jumatatu mafundi walikuja na kishikio.