Karatasi ya Mwisho

Mpaka leo sinunui kitabu cha mtumba kabla ya kuhesabu kurasa zake mara mbili. Muuzaji hunicheka, namwacha acheke, kisha namwambia apunguze bei.

Jana, nyumbani kwa dada yangu, mtaani Sekei, harufu ya karatasi ikiungua kwenye jiko la mkaa ilinirudisha utotoni. Asubuhi moja ya baridi kali, enzi hizo, dada alichana karatasi ya mwisho ya kitabu cha hadithi nilichokuwa nakisoma, akawashia jiko.

"Dada, yule mtoto wa kwenye hadithi alipona?"

"Nifulie sare wiki nzima, nitakwambia."

Nilifua kwa maji ya mlima Meru, yale yanayong'ata mpaka mifupa. Ijumaa nikadai jibu langu.

"Mimi nitajuaje? Sijakisoma."

Nililia. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu.

Siku hizi macho yake hayaoni, nami ndiye humsomea. Jana tulibakiza karatasi moja ya kitabu.

"Malizia basi, mdogo wangu. Mume wa yule mwanamke alirudi?"

"Haipo, dada. Imechanwa," nikamjibu, huku nimeishika.

Nikazihesabu tena kurasa, polepole. Zilikuwa zimetimia.