Sufuria ya Maji Nyumbani kwa Mama Nangila

Saa mbili asubuhi, mtaa wa West Indies, Eldoret. Bethwel Obiero amepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba isiyo yake, macho yake hayabanduki kwenye sufuria ya maji. Ng'ambo ya ua, mashine ya kusaga mahindi inaanza kunguruma. Maji yanatetemeka, viduara vinakimbizana hadi ukingoni.

"Bado," anasema, kisha anainuka kuchukua sepetu.

Mwenye nyumba, Mama Nangila, ana nyufa tatu ukutani. Mmoja unapitisha kidole. Alipeleka malalamiko kwa chifu, naye chifu akaamua kwamba mtikisiko usipokoma kufikia kesho Ijumaa, mashine ihamishwe. Mashine ni ya Saida Osman, mjane mwenye watoto wanne, na hana kiwanja kingine.

Obiero, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, alitoka Siaya akabeba magogo katika kiwanda cha mbao kwa miaka kumi na tisa. Huko miguu yake ndiyo iliyomfundisha.

"Pale unga wa mbao ulipokanyagwa pamoja na udongo miaka mingi, msumeno ulipiga kelele lakini miguu haikusikia kitu," anasimulia. "Ukisogea hatua mbili pembeni, meno yanagongana."

Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi miaka michache iliyopita, mwaka 1983, alianza kujaribu kutuliza mashine kwa mchanganyiko huo. Kule Moiben alizidisha unga wa mbao, akasimamisha mashine juu yake. Baada ya wiki tatu mashine ikainama, mkanda ukaruka. Obiero alirudi akaifukua mwenyewe, bila malipo.

"Nilikuwa nimeitandikia mashine godoro," anasema, akitabasamu kwa aibu. "Udongo unatakiwa kumeza mtikisiko, lakini usisahau kusimama."

Tangu hapo haweki mchanganyiko wake chini ya mashine. Huchimba mtaro kati ya mashine na ukuta, kina cha futi nne, na kuutandika nailoni ili maji yasiozeshe unga wa mbao. Kisha huujaza karai moja ya unga kwa makarai manne ya udongo, akishindilia kila tabaka kwa gogo.

Mtaro wa hapa ulikamilika jana. Mbona basi maji yanacheza?

Anaufuata akigonga kwa mpini wa sepetu. Mwishoni, sauti inabadilika. Anafukua kidogo na kukuta mawe.

Saida, aliyekuja kutazama kutoka kwenye mashine yake, anajifunika mdomo kwa mtandio. Jana jioni udongo ulipungua, anaeleza, naye akaona mawe yatauongezea mtaro nguvu.

"Nilifikiri nakusaidia, Mzee."

"Umejenga daraja, Mama. Mtikisiko umevukia hapo."

Mama Nangila, aliyekuwa hajazungumza na Saida tangu siku ya chifu, anaangua kicheko. Kisha anajifunga leso kiunoni na kuanza kutoa mawe. Saida anamfuata na karai.

Saa nane mchana mashine inanguruma tena. Watatu hao wameinama juu ya sufuria. Maji yametulia, na dari inaonekana humo kama kwenye kioo.

Obiero anataka kumwaga, lakini Mama Nangila anamzuia.

"Iache hapo. Nataka chifu aione mwenyewe. Nami nitamwambia mashine ibaki."

Obiero anajipangusa mikono. Ana ombi moja ambalo ataliandika kwa msaada wa bintiye Akello, aliye kidato cha pili. Njiani kuelekea Soy kuna zahanati kando ya barabara ya malori ya mahindi, na vitanda vya wazazi vinatikisika mchana kutwa. Anataka aruhusiwe kuchimba mtaro pale.

"Nitaenda na sufuria yangu," anasema. "Mtoto akizaliwa, ardhi imngoje imetulia."