Nikimaliza Kusoma Nitakuletea

Mimi kabla ya kushika katuni lazima ninawe mikono. Wewe cheka tu, hata mke wangu alicheka mpaka akachoka. Kazi yangu ni kupima unyevu wa mahindi katika ghala moja hapa Kitale, na mtu anayeshinda mchana kutwa ametumbukiza mikono ndani ya magunia hawezi kutoka huko moja kwa moja akagusa karatasi inayong'aa. Kwa hivyo ni sabuni, maji, taulo, halafu nakaa nikingoja vidole vikauke kabisa. Watoto wangu walipokuwa wadogo wakinikuta hivyo, mikono juu, walidhani naomba Mungu.

Katuni ninazokusanya ni za zamani, za wale mashujaa wa kupaa angani na kuinua malori kwa mkono mmoja. Hadithi ikishatimiza miaka mingi tangu itoke, wachapishaji wa ng'ambo huitoa upya kwa maadhimisho. Si zile nyepesi za kukunja ukatia mfukoni. Hizi zina jalada gumu, ni nzito kama Biblia ya mimbarani, rangi zimesafishwa, na mwanzoni kuna maelezo marefu ya jinsi kila kitu kilivyochorwa. Kuna mama mmoja wa Nairobi anayeziagiza. Akipata nyingine ananitumia picha kwa simu, mzigo unapandishwa basi, na mimi naenda kuuchukua roho ikinidunda kama kijana anayeenda kujitambulisha kwa wakwe. Fundi mmoja wa mtaa wa Tuwan alinitengenezea kabati la vioo. Ndani yake nimetia vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, maana unyevu naujua. Naweza kurudisha lori zima la mahindi mabichi kutoka Endebess, mwenye lori anitukane mimi na ukoo wangu wote, na nisitingishike.

Ugonjwa huu wa kukusanya una sheria zake. Nakala yenye hadhi kuliko zote ni ile ambayo haijafunguliwa, bado imevikwa nailoni yake ya kiwandani. Ukiichana hiyo nailoni, basi, umeharibu. Kwa hivyo kuna vitabu vyangu ninavyovisoma na kuna vingine ambavyo navitazama tu kupitia kioo. Najua ni upuzi. Huna haja ya kuniambia.

Aliyeniambukiza ni ndugu yangu mkubwa. Yeye anakaa Kanduyi, pale kwetu Bungoma, na ni fundi wa baiskeli tangu ujana. Kwetu mvulana akishatahiriwa hukaa ndani mpaka apone, na anakuwa na mtu wa kumwangalia. Yeye alikuwa ametahiriwa msimu uliotangulia, kwa hivyo zamu yangu ilipofika, aliyenitunza ni yeye. Mbele za watu nilisimama imara kama mwanamume, wajomba wakashangilia. Huko ndani nililia kama mtoto. Ndugu yangu aliniona, na mpaka leo hajawahi kumwambia mtu, hata kwa utani, na yeye ni mtu wa utani sana.

Siku moja akaniletea komiki isiyo na jalada, aliyoipata kwa mama muuza njugu sokoni. Yule mama alikuwa akichana kurasa na kufungia njugu. Ilikuwa hadithi ya shujaa mmoja aliyekuta ukuta wa bwawa umepasuka. Akauzuia kwa mgongo wake, maji yanampanda mpaka kifuani, chini bondeni watu wamelala. Hapo kurasa zikaisha. Zilizobaki zilikuwa zimeshauzwa na njugu.

"Alikufa?" nikauliza.

"Ati afe! Ngoja nikuambie," akasema, na akanitungia mwisho. Kesho yake akanitungia mwingine. Kila siku niliyokaa mle ndani, wale watu wa bondeni waliamka kwa namna mpya wakaja kumsaidia: mara na majembe, mara na magunia ya mchanga, siku moja na ng'ombe wao wote. Nilikuwa nikisubiri mwisho wa leo na kusahau maumivu. Mimi nimepona kwa hadithi zile, na si kwamba natia chumvi.

Sasa sikia. Mwaka juzi yule mama wa Nairobi akanitumia picha, na nikalijua bwawa lile kabla sijasoma maandishi. Toleo la maadhimisho, jalada gumu, hadithi nzima pamoja na kurasa za mwisho. Nilimpigia ndugu yangu nikiwa bado nimesimama pale kituo cha basi na mzigo kwapani.

"Kimepatikana, Mkubwa! Kile cha bwawa!"

"Wacha bana!" Akacheka kwa sauti. "Basi kilete upesi. Nione mwisho wake kabla haya macho hayajafunga duka."

Alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amemweleza kwamba dawa ya matone ingepunguza kasi, lakini sehemu iliyokwisha kuzimika haitarudi. Aliniambia anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba la fremu ya baiskeli: katikati kuna mwanga, pembeni hakuna kitu. Na bomba lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Hayo yote niliyajua. Nisingizie nini? Niliyajua nikiwa nimesimama pale na kitabu kwapani.

Nikamjibu, "Nikimaliza kusoma nitakuletea."

Kwa nini nilisema vile? Kwa sababu nilipoufungua mzigo pale kituoni, kabla sijapiga simu, ile nailoni ilikuwa haina hata mkwaruzo, pembe zote nne kali, na nikaiona akilini nyumba ya ndugu yangu: moshi wa kuni, watoto, na mikono yake mwenyewe yenye grisi ambayo haitoki hata kwa sabuni ya unga. Nikasema moyoni, nitatafuta nakala ya pili, hiyo ndiyo nitakayompelekea. Nikakifungia kabatini. Sikukisoma hata ukurasa mmoja.

Na usidhani sikuwa nikienda kumwona. Nilienda sana! Sikuwahi kwenda mikono mitupu. Nilimpelekea maziwa ya mgando, mkate, sukari, debe la mahindi makavu niliyoyapima mwenyewe. Nilimpelekea matone yake ya macho yalipokosekana Bungoma. Kila kitu nilibeba isipokuwa kile alichoniomba. Kila niliposhuka pale Kanduyi na mifuko mikono yote miwili, yeye aliuliza akitabasamu, "Na yule mtu wetu wa bwawa?" Nami nilimjibu, "Bado nasoma, Mkubwa. Ni kikubwa kile." Akasadiki. Alijua mimi ni mtu wa kusoma polepole, tangu shule.

Mara moja nilimkuta akifanya kazi. Alikuwa ameinua spana juu ya bega, akiisogeza taratibu mbele ya uso mpaka aikamate kwenye ule mwanga wake mdogo, asome namba, kisha aishushe kwenye nati. Alifanya hivyo kwa kila spana. Nilisimama nyuma yake nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikajiapiza kwamba Jumamosi itakayofuata nitakileta. Jumamosi ikafika, mvua ikanyesha, nami nikajiambia kitabu kama kile hakisafiri siku ya mvua. Mtu mzima na akili zangu! Mvua!

Nakala ya pili haikupatikana.

Kisha shemeji yangu, mke wake, akapiga simu asubuhi moja nikiwa ghalani. Hakulia. Alisema tu, "Shemeji, mwenzako ameamka leo hajui dirisha liko wapi na mlango uko wapi." Nikaacha gunia limefunguka nusu. Nikapita nyumbani, nikakitoa kitabu kabatini, nikakifunga kwa taulo na kushika njia. Mpaka leo sijui nilikimbilia nini. Lile nililokuwa nimeambiwa kwa simu halikuwa gumu kuelewa.

Nilimkuta ameketi kibarazani, kizingiti cha mlango kikiwa nyuma yake, baiskeli ya mteja imelazwa mbele yake. Alikuwa anapapasa mnyororo wake, pingili baada ya pingili. Aliponisikia akageuka upande usio wangu hasa.

"Sasa, kijana."

"Mkubwa. Nimekileta."

Hakuniuliza nimeleta nini. Aliinua uso, na uso wake ukachangamka, na hilo ndilo nililoshindwa kulitazama. Akaagiza maji na sabuni. Shemeji akaleta beseni, na ndugu yangu akanawa, akasugua katikati ya vidole, akasugua kucha, akaomba kitambaa kikavu. "Nakujua wewe," akasema. "Utanigombeza kwa kitabu chako." Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

Nikakiweka. Akakipima uzito, akafurahi. "Eeh! Ni jiwe." Akapitisha kiganja juu ya jalada, akashuka kwenye mgongo wa kitabu, akafika kwenye pembe. Mikono ya fundi haipiti juu ya kitu bila kukichunguza. Nikauona ukucha wake umenasa mahali, umerudi nyuma, umenasa tena pale pale. Akaufuata mshono wa nailoni kutoka juu mpaka chini.

"Hii ni nini?"

"Nailoni."

"Umekivalisha wewe, ama ni ya kiwanda?"

Jibu la uongo lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Ningesema nimekivalisha mimi, nani asingeamini, mtu anayenawa mikono kama mimi? Nikalimeza.

"Ya kiwanda," nikasema.

Akabaki na kidole juu ya ule mshono. "Si uliniambia unasoma?"

Kulikuwa na kuku pale uani, nikawa namtazama kuku.

"Tangu mwaka ule," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu vitu vilivyobaki kwenye kisanduku cha zana. "Nikikuuliza unasema bado unasoma. Nami nikawa nasema, acha amalize, atakuja tu." Akanirudishia kitabu. "Haya, fungua basi. Sasa soma."

Nikaichana ile nailoni kwa meno. Nikaanzia pale tulipoachiwa na mama wa njugu: shujaa, ukuta, maji kifuani. Nikamsomea maneno na kumweleza picha, huyu yuko hapa, yule amesimama kule, na nikagundua sijui kueleza picha. Yeye ndiye aliyejua. Hizo kurasa za mwisho zenyewe hazikuwa na kitu cha maana. Yule mtu anavuta pumzi, anaziba ufa kwa ngumi moja, anapaa zake kwenda nyumbani. Watu wa bondeni hata hawaamki.

"Amefanya peke yake?" ndugu yangu akauliza.

"Peke yake."

Akacheka, cheko fupi. "Huyo aliyechora hajui watu. Bwawa lipasuke huku kwetu, mtu alale?" Nami nikacheka naye, na kwa muda ule mdogo nikadhani mambo yamepita. Nilikuwa tayari kumwambia abaki nacho, kiwe chake, watoto wakishike na grisi na moshi na kila kitu. Sikuwa nimewahi kutaka kumpa mtu kitu namna ile.

"Mdogo wangu," akasema.

"Naam."

"Nguo yake ni ya rangi gani? Ile yetu ilikuwa imechujuka, sikuwahi kujua."

Nikaangalia. Rangi ilikuwa inang'aa hata pale kivulini. "Kijani," nikasema. "Kijani cha majani ya mahindi."

Akatikisa kichwa polepole, nikajua anajaribu kuiweka rangi hiyo akilini. Halafu akageuza uso kuelekea mlangoni, akaita, "Mama watoto! Hebu njoo kidogo."

Shemeji akatoka, mikono ina unga mpaka viwiko.

"Niangalilie hapa," ndugu yangu akamwambia. "Huyu mtu wa bwawa amevaa nguo ya rangi gani?"

Shemeji akanitazama mimi kwanza, kisha akainama juu ya kitabu.

"Ni kijani," akasema.

"Haya," akasema ndugu yangu. "Basi ni kijani."