Tazama Daftari

Sikuzani alipoajiriwa katika shirika dogo la visima pale Tabora, alipewa kazi moja tu: kuhamisha kumbukumbu. Kwa miaka kumi na moja visima vyote vya pampu za mkono ambavyo shirika lilichimba, kuanzia Sikonge hadi Igunga, vilikuwa vimeingizwa kwenye kanzidata aliyoitengeneza meneja mwenyewe, Bwana Abdulnasser. Kila kisima kilikuwa na mstari wake: namba, kijiji, kina, tarehe ya kuchimbwa, hali ya pampu. Sasa wakubwa walitaka kila kitu kihamie kwenye programu mpya, ambamo kila kisima kingekuwa na ukurasa wake, na ndani yake zikae picha, barua, sauti, michoro na majedwali, vyote pamoja.

Mwingine angenakili ile mistari akaenda zake. Lakini Sikuzani hakuweza kupita jambo asilolielewa. Tabia hiyo mama yake aliiita ugonjwa. Alipokuwa darasa la tano aliwahi kufumua cherehani ya shangazi yake ili aone uzi wa chini unakutana vipi na wa juu.

Siku ya tatu akaona kitu. Safu ya mwisho ya jedwali iliitwa Maelezo, nayo haikupokea zaidi ya herufi hamsini. Humo, kisima baada ya kisima, yalijirudia maneno mawili: "Tazama daftari." Alihesabu. Mistari mia mbili na kumi na miwili.

"Bosi," akauliza, "daftari gani hili?"

Kanzidata ile Abdulnasser aliijenga usiku na mchana, na habari za kuhama hazikumfurahisha.

"Ni madaftari ya fundi Nurdini. Yeye ndiye aliyefunga hizo pampu. Maelezo yake marefu, nafasi ndogo. Nikawa naandika hivyo, nikijua mwenyewe yupo chumba cha pili. Kisha akastaafu."

"Na madaftari?"

"Aliondoka nayo. Hakuna aliyemwuliza."

Mchana huo huo Sikuzani alikwenda mtaa wa Ng'ambo, alikokaa Nurdini, akamkuta mzee mmoja mwembamba ameipindua baiskeli, anakaza spoki.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli yako iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nimetoka shirika la visima, nimekuja kuuliza habari za kisima namba mia moja na nne."

"Namba sizijui mimi. Kiko wapi?"

"Ipole."

Nurdini aliweka spana chini. "Kile kilichonipa homa! Ingia ndani."

Sanduku la bati lilikuwa na madaftari kumi na nane. Mengine yameliwa na mchwa hadi katikati. Sikuzani alifungua moja. Kulikuwa na michoro ya mashimo, tabaka kwa tabaka: udongo mwekundu, changarawe, mwamba. Pembeni kulikuwa na maandishi madogo, nusu Kiswahili, nusu Kinyamwezi. Lakini visima havikufuatana kwa namba wala kwa kijiji.

"Umevipanga vipi hivi?"

"Nilivyosafiri," Nurdini alijibu, akishangaa kuulizwa. "Ukitoka mjini unakutana na hiki, halafu hiki. Sehemu nyingine nilifuata njia ya zamani ya misafara. Wapagazi walilala penye maji, nami nikaanza kutafuta pale walipolala."

"Ukapata?"

"Mara nyingine. Mara nyingine nilipata jiwe tu."

Tangu hapo Sikuzani akawa anakwenda kwake kila alasiri. Alipiga picha kurasa, akamrekodi mzee akisoma na kufafanua, kisha akaviweka kwenye ukurasa wa kisima husika. Neno la Kinyamwezi lililomshinda alilirudia mpaka alielewe. Aliuliza kwa nini maji ya mahali fulani yana chumvi, na kwa nini shimo moja lina mkunjo kwenye mchoro. Nurdini, ambaye watoto wake walikuwa wamechoka na habari za visima, alianza kumsubiri barazani.

Siku moja Abdulnasser alisimama nyuma ya kiti cha Sikuzani. "Kurasa zako nzuri, Bi Sikuzani. Sasa niambie: Sikonge pampu ngapi hazitoi maji leo? Kanzidata yangu ingejibu sasa hivi."

Sikuzani alihangaika kufungua ukurasa mmoja mmoja, mwishowe akakiri kwamba hajui. Abdulnasser hakumcheka. Alivuta kiti, akamwonyesha jinsi ya kupanga jedwali moja kubwa ambalo kila mstari wake ukibonyezwa unafungua ukurasa wa kisima. Walifanya kazi hiyo siku mbili, na Abdulnasser ndiye aliyekuwa wa mwisho kutaka kwenda kula.

Walipomaliza, jedwali liliwaonyesha tena kile kisima cha Ipole: "Hukauka kila kiangazi." Pampu ilishabadilishwa mara mbili, na sasa kilikuwa kwenye orodha ya visima vya kufungwa kabisa. Sikuzani alibonyeza. Mchoro wa Nurdini ulionyesha shimo la mita thelathini na sita, lakini pampu ilining'inia kwenye mita ishirini na nne. Chini yake fundi aliandika: "Mabomba yamekwisha. Yaongezwe mawili."

Abdulnasser aliusoma mara mbili. "Kina tulikiandika," alisema polepole. "Pampu imekaa wapi, hatukuwa na safu yake."

Sikuzani alipomuuliza fundi kwa nini hakusema, mzee alimtazama bila hasira. "Niliandika, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kusoma."

Mwezi wa tisa walikwenda Ipole wote watatu, na mabomba mawili juu ya gari. Jilala, mrina asali aliyekuwa mlinzi wa kisima, aliwapokea bila matumaini makubwa. Mafundi alishawaona wengi. Walivuta mabomba, yakatoka manane, kama daftari lilivyosema. Wakaongeza yale mawili, wakafunga pampu. Jilala akapiga mkono wa pampu. Hewa. Akapiga tena, mara ishirini, thelathini. Kisha bomba likakohoa, maji mekundu yakamwagikia viatu vya Abdulnasser, na baada ya ndoo chache yakaanza kung'aa.

Jilala alikinga kiganja akanywa. "Baridi," akasema, akawaita wanawake waliokuwa wakipita na madumu kuelekea mtoni.

Siku hizi Nurdini huja ofisini kila Jumanne. Kurasa mia moja na arobaini zimepata maelezo yake. Sabini na mbili hazina, kwa kuwa mchwa wamekula maandishi yake na mwenyewe hakumbuki. Kwenye kurasa hizo Sikuzani ameandika maswali tu, na kila anayesafiri kwenda kwenye kimoja cha vijiji vya visima hivyo hukabidhiwa swali lake aende akaulize.