Mkwe Aliyeningoja Nikiwa Kisiwani

Nikianza na yule mzungu mtasema yeye ndiye mbaya, na mambo yataishia hapo. Hapana. Nianze na mdomo wangu mimi, maana mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe ni hiki changu.

Nilikuwa nimeolewa Lufingo, kwa mtoto wa kwanza wa mzee mmoja mwenye ng'ombe wachache na migomba mingi. Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe. Hamtazami usoni, hali naye, halitaji jina lake, hasimami kwenye njia anayopita yeye. Mkikutana unajitupa pembeni, hata kama pembeni ni mtaro umejaa maji, unajifunika kanga kichwani, unampa mgongo mpaka apite. Si chuki hiyo. Ni heshima, na heshima yetu ina matope, basi. Miaka saba nilikaa kwenye kaya ile bila kuijua sura ya mzee yule. Nilichojua ni miguu yake, kwa sababu ukiinama unaona miguu.

Lakini usiniambie sikumjua mtu wangu. Akija kwenye migomba yangu alikuwa anakohoa tangu mbali ili nipate nafasi ya kujificha bila kukimbia, hasa nikiwa na mimba. Akichinja, kipande cha ini kililetwa kwangu kabla ya kwa mtu yeyote. Nilipojifungua mtoto wa pili kwa shida, siku nzima alikaa nje ya zahanati kwenye manyunyu, amegeuza mgongo kwenye mlango wa chumba nilicholazwa, na hakuondoka mpaka mtoto alipolia. Mtu kama huyo huwezi kumwambia asante. Asante yake ina siku moja tu. Siku akifa, mke wa mtoto wa kwanza anaingizwa ndani, anatolewa kanga kichwani, maiti inafunuliwa uso, anamtazama, anamlilia kwa jina lake, na wake wa shemeji zake vivyo hivyo. Hapo ndipo wanaagana na kuogopana kunakwisha. Katika ukoo ule hawakuwa wakizika mzee kabla jambo hilo halijafanyika. Hiyo ndiyo ilikuwa haki yake kwangu, na yangu kwake.

Sasa huyo mzungu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Tukuyu yamejaa ghafla sabuni na betri, mitumba imetandazwa hadi mlangoni mwa kanisa. Na wazungu wa kujitolea nao wakaja. Wa kwetu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, anafundisha sayansi sekondari, amepanga nyumba Msasani, ile ya hapo hapo Tukuyu. Mimi nilimpikia, nikamfulia, nikamfundisha Kiswahili cha kuombea nyanya ya kuongezwa sokoni. Alikuwa mwema. Nalisema hili kwa uchungu, maana angekuwa mkorofi ningejua kujilinda.

Miaka miwili alilalamika mvua. Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inahamia. Viatu vyake viliota ukungu, vitabu vikaota ukungu, akasema hata yeye anaota ukungu. Tulicheka sana jikoni. Na jikoni ndiko alikoniuliza kwa nini siku moja nimefika kazini nimelowa matope mpaka kifuani. Nikamweleza habari za mkwe. Akatoa daftari lake, akaandika.

"Kwa hiyo anakutesa?" akauliza.

"Ananitesa nini, mwalimu? Ndiyo desturi."

"Lakini wewe unalala kwenye matope, yeye anapita."

Alikuwa amekunja uso kwa huruma kiasi kwamba nikaona aibu. Nikataka kumchekesha. Nikasema, "Nimechoka kuruka mitaro, mwalimu. Akifa huyo mzee ndipo nitapumzika!" Nikacheka mwenyewe mpaka nikashika meza. Mnyakyusa yeyote angecheka, angeniambia nyamaza wewe, mkweo asije akasikia. Yeye hakucheka. Aliandika.

Mkataba wake ulipokwisha, akaniambia anataka kupumzika wiki moja Unguja, aote jua, kisha aendelee na safari zake: Nairobi, halafu Uganda kuona masokwe wa milimani, na sijui wapi tena. Na akataka kunichukua Unguja kama zawadi. Mimi! Mimi ambaye maji makubwa niliyoyajua ni Ziwa Kisiba, nalo unaliona lote ukisimama pembeni. Mume wangu hakupenda. Mzee alikuwa anakohoa tangu Pasaka, ingawa alikuwa anaamka na kuota moto. Ila mzee mwenyewe ndiye aliyesema, kwa kupitia mume wangu, kwamba niende. "Mwache aone bahari," alisema. "Akirudi atawahadithia watoto, nami nitasikia nikiwa upande wa pili wa ukuta." Mume wangu akaandika anwani ya nyumba ya wageni kwenye karatasi, tukaondoka.

Kisiwani nilipendezwa, sitaki kuwadanganya. Wengine husema walikuwa na wasiwasi, moyo uliwaambia. Moyo wangu haukuniambia kitu. Ulikuwa unakula pweza. Mwalimu alijianika mchangani kama muhogo, asubuhi upande huu, mchana upande ule, mpaka ngozi ikaanza kubanduka, naye anasema raha. Mimi nilikaa kivulini na kanga zangu, naosha miguu kwenye maji ya chumvi, nalala mchana. Kulala mchana! Mke wa Lufingo alale mchana, nani alishaona? Nilinenepa kwa siku nne.

Jumanne mwenye nyumba alimwita mwalimu pembeni, akampa karatasi. Niliona kwa macho yangu. Nilidhani ni mambo ya tiketi. Tangu siku hiyo mwalimu akawa mwema kupita kiasi. Ananinunulia kanga, ananinunulia aiskrimu, ananiuliza, "Dada, umefurahi? Unapumzika kweli?" Nami, mjinga, nikajibu, "Nimepumzika, mwalimu, kama niko peponi." Jumatano nilisema hivyo. Alhamisi nilisema hivyo. Ijumaa tulipanda gari kwenda kuona mashamba ya karafuu, nikaimba njiani.

Jumapili tukavuka kurudi Dar es Salaam. Yeye alikuwa na basi la Nairobi kesho yake asubuhi, mimi na basi la Mbeya. Tulipokuwa tumekaa kwenye mizigo yetu nje ya bandari, akafungua mkoba, akatoa ile karatasi. Ilikuwa simu ya maandishi kutoka posta ya Tukuyu, ina jina langu juu na maneno matano chini. BABA AMEFARIKI TUNAKUSUBIRI RUDI UPESI.

"Hii imekuja lini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Jumanne. Samahani, dada. Nilitaka upumzike kwanza."

Akadhani ananituliza, akaendelea. "Ulisema mwenyewe akifa ndipo utapumzika. Hamkuwa hata mnasalimiana. Nikaona wanakuita ukapike na kuchota maji kwenye msiba wa mtu aliyekulaza kwenye matope. Nikasema hapana. Angalau wiki moja iwe yako."

Pua yake nyekundu iliyobanduka ilikuwa inatiririka. Na mimi nilitafuta mahali pa kumchoma. Mtu akikupenda kijinga unapajua mahali pake laini.

"Baba yako yu hai?" nikamwuliza.

"Ndiyo."

"Na afe ukiwa unaota jua. Na utakayemwamini kuliko wote ndiye akufiche."

Alilia kwa sauti, watu wakageuka. Nikafurahi. Nasema kweli tupu, nilifurahi kumwona akilia, na ningekuwa na neno jingine ningemwongeza. Akasema ataacha safari yake, atakuja nami Lufingo, atawaeleza wazee kuwa kosa ni lake. Huenda ingesaidia. Wazee wetu humsikiliza mgeni anayepiga magoti. Lakini nilikuwa nimejaa sumu, nikamwambia, "Nenda Uganda. Masokwe wanakungoja, ndio ndugu zako." Nikabeba begi langu nikaondoka. Huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa tayari kunitetea, na mimi ndiye niliyemfukuza.

Jumatatu nzima nilikaa kwenye basi nikihesabu. Ningeondoka Jumatano alfajiri kisiwani, Alhamisi jioni ningekuwa Tukuyu. Wangeningoja mpaka Alhamisi? Wangeningoja. Mume wangu asingekubali nisifike. Na baridi ya kwetu ni kali, maiti hukaa. Nilifikiri hivyo mpaka Iringa. Baada ya Iringa nikaanza kufikiri kuwa labda wananingoja bado. Mtu mwenye hofu hana akili.

Tukuyu tuliingia usiku; Lufingo nilifika Jumanne asubuhi, manyunyu yanaanguka. Niliposhuka kilimani nikaona moshi wa msiba na wanaume wamekaa kwenye magogo, nikapiga yowe kama inavyotakiwa, nikaja nalia. Kwenye msiba wa kwetu ukilia hivyo wanawake wanakuja kukupokea, wanakushika kiuno, mnalia pamoja. Hakuna aliyekuja. Nililia peke yangu kuanzia kwenye shamba la kahawa mpaka uani, na sauti ikaniishia kabla sijafika.

Dada mkubwa wa mume wangu akatoka jikoni, mikono ina unga. Huyu tulipendana. Ndiye aliyenifundisha kaya ile.

"Simama hapo, wifi," akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Sikuipata simu. Mzungu aliificha."

"Aliificha." Akageuka kwa wanawake wenzake. "Mnasikia? Mtu mzima amefichwa simu." Kisha akanigeukia tena, akanitazama mwili mzima, ile minofu ya siku nane, zile kanga mpya. "Na umependeza, jamani. Kisiwani wanakula."

Nikapiga magoti kwenye tope. Nikamwomba anieleze wamemzika lini.

"Ijumaa. Tulikungoja Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila basi lilipopiga honi kule barabarani, kaka alisema, huyo amefika, tukamfunua baba uso ili ukute amekwisha kufunuliwa, msichelewe kuagana. Mara tatu tulimfunua. Ijumaa honi ilipolia hatukumfunua. Uso haukuwa tena wa kufunuliwa, wifi. Watoto walikuwa wanakimbia harufu ya babu yao."

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gogo, hatua kumi kutoka pale. Nilimwita. Hakuinua kichwa. Mpaka leo hajawahi kunigombeza kwa jambo lile, hata neno moja, na ningelipa chochote anigombeze.

Nikasema basi nipelekwe kaburini, nikamlilie huko. Wifi akasogea mbele yangu, akapanua mikono.

"Kwa macho yapi? Wenzako wote walimwona, wakaagana naye, wakaacha kumwogopa. Kwetu baba amekufa. Kwako wewe bado yu hai. Ukifika pale utajificha kama siku zote."

Nikamwuliza ni nani wa kunifungua.

"Aliyekuwa na uwezo wa kukufungua tumemfukia," akasema, akarudi jikoni.

Kaburi walilichimba kwenye migomba, katikati ya nyumba yake na yangu, pale pale kwenye njia ya kwenda kisimani. Hawakufanya hivyo kwa kunikomoa. Wazee wa pale wote huzikwa migombani. Wanawake wakaacha kupika, wakasimama kunitazama nitapita wapi. Nilivuta kanga kichwani, moja ya zile za Unguja, bado inanuka duka, nikashuka kwenye mtaro, nikapita nimeinama, mgongo kwa kaburi. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema ndaga, kwa sauti ya chini, kama unavyomshukuru mtu aliyefanya kazi yake.

Wifi amekwisha kufa naye. Wazee waliokuwapo wakati ule wamekufa karibu wote, na kaburi tumelitia saruji. Wake wa shemeji zangu hukaa juu yake mchana wakichambua maharage. Mimi ni mama mkwe wa watu sasa, goti la kulia halikunji vizuri, na nashuka mtaroni. Hakuna anayenilazimisha. Kuna mchungaji aliniambia ni ushirikina, nikamwambia asante baba mchungaji, nikashuka.

Krismasi iliyopita binti yangu wa pili alikuja kutoka Mbeya na watoto wake. Yule yule ambaye mzee alimsubiri kwenye manyunyu. Alikuwa amekaa juu ya saruji ananyonyesha, akaniona nahangaika kuteremka na ndoo yangu, nimejifunika uso. Akaniita kwa hasira, maana ananionea uchungu.

"Mama! Pita hapa njiani, utaanguka! Babu si alikufa?"

"Kwenu," nikamjibu, nikampa mgongo.