Ukurasa Uliofunguka Ndani ya Ukuta Wetu Tu

Siku ya kutoa kilio cha mama tulikuwa hawa: mjomba, kaka yake mama, aliyefika asubuhi kutoka Kambove na viatu vyake vya kanisani ndani ya mfuko wa plastiki, mdogo wangu wa kiume, anayesoma chuo kikuu, mdogo wangu wa kike aliye mshonaji, jirani yetu muuza samaki wa ukuta wa kushoto, na mimi, mtoto wa kwanza. Wa mwisho wetu hakuwapo. Alikuwa Afrika Kusini akilea watoto wa watu, na karatasi zake zilikuwa za kumruhusu kutoka huko, si kurudi tena. Hakumzika baba, hakumzika mama.

Mama alipokufa, mjomba alichana kitambaa cheusi vipande vinne, kila mtoto chake, akatuambia tukishone kwenye mkono wa nguo: ndicho kilio. Cha wa mwisho nilikituma kwa dereva wa lori. Katika ukoo wa mama, vipande hivyo vinatolewa siku moja. Watoto wanakusanyika nyumbani, wanatazama vitu vya marehemu pamoja, kisha mjomba anavikata na kuvizika kabla jua halijazama. Asiyefika anabaki na kilio chake, na mwenye kilio haolewi. Wa mwisho wetu alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa amengoja mwaka mzima.

Nilimwomba mjomba tumwoneshe mdogo wetu vitu kwa simu. Alikataa.

"Kupiga simu haiko kufika. Na picha ya mufu haizungukezunguke mu masimu ya batu. Vitu vya dada yangu vinabakia mu nyumba yake. Mwenye anataka kuviona, abishe hodi, aingie."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipa wazo.

Niliacha shule mwaka ule baba alipokufa, ili wadogo waendelee. Ninafanya kazi katika kibanda cha fotokopi katikati ya mji, na mashine nimejifunza kwa kuziharibu na kuzitengeneza tena. Nilikuwa nimesoma kwamba tovuti si lazima ilale kwenye mashine za kampuni ya mbali. Kompyuta yoyote inaweza kukaa nyumbani kwako ikawa seva, na mtu aliye mbali akaja kutazama hapo hapo. Nikamweleza mjomba: picha hazitoki, mtoto ndiye anayeingia. Alimaliza kwanza kikombe chake cha chai.

"Basi huyo amebisha hodi," akasema. "Nitamuhesabu, na chake atakikata kule kule. Lakini asiingie mbele ya siku yenyewe."

Kazi hiyo ilinichukua miezi miwili. Laptop ilikuwa ya kutupwa, kioo kimepasuka, betri imekufa. Niliiweka juu ya kabati la vyombo la mama, kando ya kisanduku cha intaneti chenye laini ya simu ndani yake. Picha nilizipitisha nyumbani, kwa skana ya kibandani niliyoibeba baada ya wateja kuondoka: mama siku ya ndoa, mama na mwiko wa kusongea bukari, mama akicheka mdomo ameuziba kwa kiganja. Kulikuwa na sauti yake pia, ya muda mfupi tu, akituhesabu mmoja mmoja kama alivyofanya kila alipofunga mlango. Nilifungua ukurasa kwa simu yangu, ukafunguka. Wadogo wakafungua kwa zao. Jirani naye akafungua, akalia, akaomba aone tena. Nikasema imekamilika.

Siku yenyewe umeme ulikatika upande wetu tangu asubuhi. Jirani anachukua umeme wa laini nyingine, akatupitishia waya juu ya ukuta.

"Minazima frigo yangu juu yako, yaya," alipaza sauti, akiniita yaya, mkubwa, kama wadogo zangu. "Kama samaki zinaoza, utazikula weye na ile mashine yako!"

"Mashine haikuli samaki, mama," mdogo wangu wa kiume akamjibu.

"Itajifunza!"

Tukacheka. Taa ya kisanduku ikawaka, ukurasa ukafunguka kwenye simu zetu zote, na mjomba akavaa viatu vyake. Nikamtumia wa mwisho ile namba ya kuandika ili ukurasa ufunguke, ile ile tuliyokuwa tukiandika sisi. Alikuwa ameomba ruhusa kwa bosi wake, ameoga, amevaa nguo yenye kitambaa. Baada ya muda akapiga simu.

"Yaya, niko nafinya. Inazunguka tu."

"Ngojea kidogo. Finya tena."

"Inasema haiko. Yaya, mama haiko?"

Mdogo wangu wa kiume alinitazama, kisha akatoka na simu yake hadi barabarani. Akarudi. Akatoka tena. Nilimwona kupitia geti, amezima intaneti ya nyumba, anatumia megabaiti zake mwenyewe.

"Mu nyumba inafunguka," alisema taratibu. "Inje inakatala. Shiye bote tulikuwa tunajaribu tukiwa mu nyumba."

Kila tulipofungua, tulikuwa tayari tumeingia. Hata jirani alikuwa amekaa kwenye kiti chetu. Namba niliyotuma inajulikana ndani ya ukuta wetu tu. Nilitafuta namba ya nje, nikaipata, nikaituma. Ikakataa. Nikafungua mlango wa kisanduku katika mipangilio yake, kama nilivyosoma, nikazima, nikawasha. Ikakataa. Wa mwisho alikuwa bado kwenye simu, tukisikia anavyopumua, na mjomba alikuwa akitazama kivuli cha ukuta kikifika kwenye shimo alilochimba.

"Mjomba, sauti yake iko hapa," nikasema. "Muhesabu."

"Sauti ya simu iko ya simu," akajibu, na macho yake yalikuwa mekundu. "Minangojea mutoto, hakuingia. Kama minadanganya benye balikufa, nani atabazika?"

Akakata vipande vitatu. Cha kwangu kilikuwa cha mwisho. Wa mwisho alisikia mkasi, akasema, "Muzuri, yaya, haina neno," akakata simu.

Nilienda kwa wanaotuuzia intaneti. Binti wa dirishani alinieleza kwa upole kwamba namba ya nje tunaichangia na nyumba nyingi, na anayebisha hapo hakuna wa kumwelekeza kwetu. Namba ya peke yako hupewa makampuni tu. Ipo njia ya kupitia mashine ya mtu mwingine. Nilipomwambia mjomba, alisema, "Basi dada yangu atakuwa amehama nyumba." Njia hiyo nikaiacha.

Mashine bado iko juu ya kabati. Umeme ukirudi ninaiwasha kabla ya taa. Kilio cha mdogo wangu ni deni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema imekamilika. Mjomba akipiga simu hasalimii kwanza. Anauliza kama mtoto ameingia, akate chake, nami namjibu bado.