Mji wa Magesa Jangwani

Atukuzwe Mungu aliyenilinda barabarani kwenda na kurudi, mimi mzee wa miaka sitini na tisa mwenye magoti mabovu. Nilitumwa kumleta mdogo wangu azikwe nyumbani, nikarudi bila yeye. Hata kwa hilo namshukuru Bwana, ingawa shukrani hii ilichukua muda kunifika mdomoni. Nawaandikia ninyi wa Mwisenge, Makoko na Butiama kwa sababu kila ninayekutana naye ananiuliza, na habari hizi zimekwisha kusimuliwa na watu ambao hawakwenda.

Magesa alikuwa kitinda mimba wa mama yetu. Kuunda mitumbwi alijifunzia Makoko. Kazi ilipopungua akasikia kwamba kaskazini mwa Kenya kuna ziwa lililozungukwa na jangwa, samaki wapo, mafundi wa mbao ni wachache. Akaenda kujaribu mwaka mmoja, akakaa kumi na mmoja. Hakuishi ziwani kwenyewe. Aliishi Lodwar, mji mdogo katikati ya mchanga, ambako mbao hufika kwa malori na umeme upo. Mtumbwi ukikamilika ulipandishwa lori kwenda majini.

Kila Jumapili baada ya ibada alikuwaga anapiga simu. Siku moja akasema, "Kaka, mwambie mama nimefungua mji huku." Mama akacheka, akasema jangwani kuna mji gani. Msomaji wa mbali ajue kwamba kwetu Mara neno hili lina maana mbili. Mji ni maduka na taa, na mji ni boma la mtu: lango lake, mke wake, makaburi ya watu wake. Sisi tulisikia maduka na taa.

Kisha simu ikaja siku ya Jumanne, na sauti ilikuwa ya mwanamke. Alijitaja kuwa Akiru, mke wa Magesa. Akasema mume wake ameanguka saa saba mchana ndani ya mtumbwi aliokuwa akiuunda, na hospitali wamesema ni moyo. Mwili ulikuwa umehifadhiwa hukohuko hospitalini.

Ukoo ulikutana Butiama siku hiyohiyo. Kwa desturi kaburi huchimbwa mwili ukiwa njiani, lakini mama alitaka aone mahali mwanawe atakapolala, basi likachimbwa jioni ile kando ya kaburi la baba. Hilo lilikuwa kosa letu. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, aliniita pembeni. "Nenda ukamlete," aliniambia. "Kaburi limeshafunguliwa, na kaburi halifungwi kwa hewa." Gari la kubeba mwili likapatikana Bunda, dereva akisubiri simu yangu.

Jumatano alfajiri niliondoka Musoma kwa basi hadi Sirari, nikavuka mpaka, nikalala Kisumu. Alhamisi nikalala Kitale, kwenye baridi. Ijumaa gari lilianza kuteremka milima, na kila baada ya kona nilivua nguo moja. Mwanzo koti, kisha sweta, kisha nikafungua vifungo vya shati. Jirani yangu kitini, mama mmoja muuza vitenge, alinitazama akacheka. Akasema, "Mzee, acha nyingine ya kushukia."

Saa nane mchana tukafika Lodwar. Mnaojua tanuri la matofali mkumbuke lile joto linalokupiga usoni ukisogea karibu, halafu mfikiri kwamba huna pa kurudi nyuma. Nilimwuliza kijana wa bodaboda kama anamjua Magesa, mtu wa Tanzania. Hakumjua. Nikasema ni fundi wa mitumbwi. Wenzake wote wakageuka.

"Unamtafuta Nuhu," alisema mmoja wao. "Pole, mzee. Nuhu ameondoka kabla ya mvua."

Ndivyo walivyomwita kwa kuwa aliunda vyombo vya majini mahali pasipo na maji. Nilipanda pikipiki nikiwa na uchungu kwamba ndugu yangu alikuwa kichekesho cha watu. Baadaye nilielewa kwamba mgeni asiyependwa hapewi jina.

Nilikuta ua wa miiba, lango la bati, vyumba viwili vya bati, tenki la maji, na kivuli kilichoezekwa kwa mikeka ya majani ya mkoma. Chini ya kivuli kulikuwa na mtumbwi mkubwa kuliko nyumba, ubavu mmoja umekamilika, wa pili bado. Akiru alikuwa akiumwagia maji kwa kopo. Nilikasirika moyoni. Mume wake hajazikwa, naye anaosha mtumbwi.

Aliponiona aliweka kopo chini, akapiga magoti kunisalimu kama wanawake wa kwetu. Akaniambia ni Magesa aliyemfundisha. Nilipouliza juu ya maji akanieleza, na hapa nataka vijana wanaotamani kwenda kuwekeza kule wasome polepole. Kazi huanza saa kumi na moja alfajiri na kukoma saa nne. Baada ya hapo mchana ni wa jua lenyewe. Mbao mbichi zikikauka ghafla hupasuka, na ufa mmoja unaharibu kazi ya mwezi. Kwa hiyo Magesa alizifunika kwa magunia mabichi, akayalowesha tena na tena, na maji yenyewe hununuliwa kwa madumu yanayoletwa na punda.

"Alikuwa ananywesha mbao kabla ya kunywa mwenyewe," Akiru alisema. "Siku ile mchana alisikia zinalia. Nikamwambia ngoja jua lishuke. Akasema, zikinyamaza ndiyo nimechelewa."

Hakutoka tena kwenye mtumbwi ule akiwa hai.

Jumamosi asubuhi alikuja jirani yao, mzee Ekal, mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame akahamia mjini. Aliniamkia kwa heshima, kisha akanichukua tukazunguka ua. Kwa nje mchanga ulikuwa na alama za viatu, hatua ndefu zilizo sawa, zimefuata ua pande zote nne.

"Hizo ni za jana," alisema. "Kuna mtu anapima."

Nikamwuliza Akiru kama kiwanja kina hati. Alisema walipewa na wazee wa mtaa, kwa mdomo, Magesa alipounda mtumbwi wa kwanza. Nikamwambia wazi kwamba nimetumwa na mama yake Magesa, kaburi liko wazi, na gari linasubiri Bunda. Hakulia. Alikaa chini mbele yangu.

"Shemeji, kiwanja hiki hakina karatasi. Kaburi ndiyo karatasi yake. Ukimchukua, kesho watasema alikuwa fundi wa kupita, na mimi mwanamke wa fundi wa kupita. Nitatoka hapa na sufuria."

Ekal akasema, "Mtu anayezikwa kwake hahamishwi. Kwenu si hivyo?"

Kwetu ni hivyo. Nimesimama mara ngapi kwenye mabaraza ya mashamba Butiama, nikaonyesha kaburi la babu, na maneno yakaisha? Sheria iliyonituma kumchukua ndiyo hiyohiyo iliyomtaka abaki. Niliketi chini ya kivuli cha mtumbwi nikaomba, na nilikuwa naomba Mungu anipe neno la kumjibu yule mwanamke ili niondoke na ndugu yangu. Sikupewa. Nilisikia tu mbao zikipasuka, moja moja, kwa kuwa Akiru alikuwa ameacha kuzimwagia maji ili anisikilize.

Nikampigia dereva wa Bunda asije. Alisema, "Mzee, gari nimeshaliosha." Kisha nikampigia baba mdogo. Alisikiliza hadi mwisho, akakata simu.

Jumapili tulimzika ndani ya ua, kulia kwa lango, mchungaji wa mtaa akiongoza. Kuchimba kulitushinda kwa muda mrefu. Kila tulipotoa mchanga, mwingine ulirudi ndani. Mwishowe Akiru akaenda kwenye mtumbwi, akagusa ubavu uliokamilika, akasema, "Toeni hizi." Tukang'oa mbao zile, tukakingia nazo kuta za kaburi, mchanga ukasimama. Hivyo mtumbwi wa mwisho wa Magesa haukufika ziwani.

Jumatatu nilianza kurudi, na Jumatano jioni nikafika Butiama. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Maji yalisimama ndani ya kaburi, na mama alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, amejifunika turubai. Alitazama nyuma yangu, akitafuta gari.

Baba mdogo ndiye aliyesema, mbele ya wote. "Ulitumwa kuleta mtu. Umeleta maneno."

Walikata mgomba, wakaulaza kaburini kama wazee wa zamani walivyofanya mwili usipopatikana, wakafukia. Mimi mzee wa kanisa nilisimama pale bila kukataza. Mama hakunisemesha.

Wiki tatu zikapita. Jumapili moja baada ya ibada, saa ile ile ambayo Magesa alikuwa akipiga simu, mama aliniita. Aliongea Kizanaki, lugha pekee anayoiamini.

"Huo mji wake una lango?"

"Linalo, mama."

"Linatazama wapi?"

Nikatafuta kumbukumbu zangu zote, sikuona. Nilikuwa nimeangalia mtumbwi, hatua za viatu na kaburi, lango sikuliangalia. Nikampigia Akiru, nikamwuliza. Nikasikia akitembea mchangani.

"Nimesimama langoni," alisema. "Jua huzama mkono wangu wa kulia. Mwambie linatazama kusini, kwenu."

Nikamwambia mama. Akanyoosha mkono apewe simu. Hakuna lugha wanayoshirikiana, hivyo aliishika tu sikioni, na yule wa upande wa pili naye hakukata. Waliendelea hivyo hadi salio likaisha.

Yule mpimaji amerudi, Akiru ameniambia juzi. Amesimika kigingi nje ya ua. Bado hajavuka, na hatujui kama hatavuka.

Vijana mnaoniuliza kama kule kuna kazi, ipo. Nunueni tenki kabla ya nondo, na msishindane na jua la saa saba. Lakini kabla hujasimamisha mti wa kwanza wa ua wako, rudi umkalishe mama yako chini, umwambie kwamba ukisema mji unamaanisha mji upi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe lango la kuingilia jioni, na mtu wa kuuliza linatazama wapi. Amina.